Ndoa ya Bi Salme

Ndoa ni ya wawili, lakini arusi ni shauri la wengi. Watu wa dini moja wakioana, shauri hilo huwa la posa, mahari na siku. Watu wa dini mbili wakitaka kuoana, swali la kwanza huwa jingine: ni nani kati yao atakayehama? Katika historia ya Unguja, swali hilo laonekana wazi katika habari ya Bi Salme binti Said.

Bi Salme alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mama yake alikuwa suria aliyetoka nchi za Kaukazi. Baada ya kufiwa na wazazi wote wawili alikaa mjini, jirani na Heinrich Ruete, mfanyi biashara kijana wa Hamburg. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki: mwaka 1866 Bi Salme alikuwa mja mzito.

Sheria ya Kiislamu humruhusu mwanamume Mwislamu kumwoa Mkristo au Myahudi, lakini haimruhusu mwanamke Mwislamu kuolewa na mtu asiye wa dini yake. Tena, kwa kuwa baba amekufa, uwalii ulikuwa wa ndugu zake, na aliyetawala kati yao alikuwa Seyyid Majid, sultani mwenyewe. Ruete angaliweza kusilimu, hakusilimu. Mzigo wote wa kuhama ukamwangukia mwanamke.

Mwezi wa Agosti 1866 alipanda kwa siri manowari ya Kiingereza, akaenda Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, akafundishwa Ukristo, akamngoja Ruete aliyebaki Unguja kumaliza shughuli zake. Tarehe 30 Mei 1867, katika kanisa la Kiingereza la Aden, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku ile ile akaozwa, na siku ile ile wakasafiri kwenda Ulaya. Ubatizo ulitangulia, ndoa ikafuata. Kwa hiyo kasisi hakufungisha ndoa ya dini mbili. Alifungisha ya dini moja, baada ya ile nyingine kuachwa mlangoni.

Mtoto yule alikufa njiani. Mwaka 1870 Ruete naye alikufa Hamburg kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane na watoto watatu wadogo. Bi Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi, ndugu yake Seyyid Barghash alikataa kumpokea.

Waswahili husema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini amwambiaye Bi Salme hivyo yampasa aonyeshe mlango mwingine aliokuwa nao. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikubali ndoa ya kiserikali, ambayo kila mmoja aweza kuingia na dini yake. Hata hivyo, ndoa hiyo haina kadhi wala kasisi. Na wanaotaka baraka za dini hukutana tena na swali lile la kale.

Barua zake, zilizochapishwa baada ya kufa kwake mwaka 1924, zaonyesha kwamba jina la Emily lilimwingia upesi kuliko imani yake. Alizikwa Hamburg, pamoja na mchanga wa pwani ya Unguja aliokuwa ameuhifadhi.