Mdahalo wa Itanium na Funzo Lake



Vijana wetu wa kompyuta hubishana sana juu ya RISC-V, muundo wa prosesa ulioanzishwa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Wako wasemao utashinda, na wako wasemao utapita kama upepo. Mimi si mpiga ramli, lakini mdahalo wa namna hii ulikwisha kuwako, na yafaa tukumbushane ulivyokwisha.

Mwaka 1994 kampuni mbili za Marekani, Hewlett-Packard na Intel, zilitangaza kushirikiana kutengeneza prosesa ya biti 64, ambayo baadaye iliitwa Itanium. Prosesa nyingi kubwa za wakati ule zilijichagulia zenyewe, kazi ikiendelea, amri zipi zitekelezwe pamoja. Itanium iliiachia kazi hiyo kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtunga programu kuwa amri za mashine. Kompaila ipange mapema, prosesa itekeleze.

Waliounga mkono walikuwa na nguvu. Hata Compaq mwaka 2001 ilitangaza kuiacha prosesa yake ya Alpha na kuhamia Itanium. Wapinzani walijibu kwamba kompaila haiwezi kujua mapema kila litakalotokea, kwa mfano data itachelewa kiasi gani kufika kutoka kwenye kumbukumbu. Tena, programu zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa za ukoo wa 8086, ya mwaka 1978, zilikwenda polepole mno katika Itanium.

Itanium ilitoka mwaka 2001. Mwaka 2003 kampuni ya AMD ilileta Opteron, ambayo iliongeza biti 64 juu ya muundo ule ule wa zamani, na programu za jana zikaendelea kwenda vizuri. Mwaka 2004 Intel yenyewe ikafuata njia hiyo. Itanium za mwisho zilisafirishwa mwaka 2021.

Atauliza mtu: mbona ARM ilifaulu? Kweli, chipu yake ya kwanza, iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, ilitoka mwaka 1985, nayo ilikuwa ngeni. Lakini ilistawi katika simu za mkononi, ambako umeme wa betri ni haba na hapakuwa na ghala kubwa la programu za zamani. Haikumvunjia mtu nyumba. Ilijenga kiwanja kitupu.

Basi, vijana wasiulize kwanza kama muundo ni wa akili. Itanium ilikuwa ya akili. Waulize ni nani atakayehamisha kazi iliyokwisha kufanywa, na kwa gharama gani. RISC-V haidai ada ya leseni, na hiyo ni hoja nzito. Lakini msamaha wa ada hauhamishi hata programu moja. Kwa maoni yangu itastawi kwanza penye viwanja vitupu, na mezani ofisini itachukua muda mrefu.

Ndugu wenzangu, naomba kutoa hoja.