Miche ya kahawa ikiinama kitaluni, angalia mwanga kabla ya dawa

Una kitalu cha kahawa Muyama, au popote kwenye milima ya Kasulu na Kibondo, halafu miche yote imelalia upande mmoja? Usikimbilie duka la dawa. Angalia kwanza mwanga unaingilia wapi.

Mche una homoni ya ukuaji inayoitwa oksini. Mwanga ukitoka upande mmoja, oksini huhamia upande wenye kivuli. Seli za huko zinarefuka haraka kuliko za upande wa pili, na shina linapinda kuufuata mwanga. Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha mwaka 1880 kuwa ncha ndiyo inayohisi: walipoifunika kwenye miche ya nyasi, haikupinda.

Sasa, ukali wa mwanga. Hapa wengi wanachanganya. Hata mwanga hafifu unatosha kuupinda mche ukija upande mmoja tu, kwa sababu kinachoamua ni tofauti kati ya upande na upande. Kivuli kizito pande zote hakiupindi, ila kinaufanya urefuke, uwe mwembamba na dhaifu. Huo nao ni hasara.

Kwa hiyo kama kitalu kimebanana na ukuta au migomba, punguza nyasi za juu ili mwanga uingie sawasawa, na geuza viriba kila baada ya siku chache. Usiondoe kivuli chote kwa mkupuo, majani yataungua. Na fanya mapema: shina changa hujinyoosha lenyewe, likishakomaa mkunjo unabaki.