Dia ya Siku Moja, Uuguzi wa Miaka Arobaini

Wengi wetu tukilisikia neno dia, fikra zetu hukimbilia kwa maiti. Mtu kauawa, au kagongwa na gari akafa, na jamaa zake wakalipwa. Lakini vitabu vya fiqhi vina kurasa nyingi juu ya dia ya aliye hai: aliyepotelewa na jicho, mkono, meno au akili. Jicho moja ni nusu ya dia, macho mawili dia nzima, kidole kimoja sehemu yake ya kumi. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab alihukumu dia nne kwa mtu mmoja aliyepigwa akapoteza kusikia, kuona, akili na nguvu zake za kiume, naye bado yu hai. Hebu tufikiri hapo, ndugu msomaji. Aliyekufa ana dia moja, na huyu aliyebaki kitandani ana nne. Wazee wale walikwisha kujua kwamba aliyenusurika aweza kuwa na gharama kubwa kuliko aliyezikwa.

Nataka kulifuata jambo hili katika nchi ambayo wengi wetu tunaitaja tunapoulizwa asili: Nizwa na vijiji vyake katika Dakhiliya, na Ibra na Sur katika Sharqiya ya Omani. Ni nani aliyemlisha, akamwogesha na kumgeuza yule aliyeumia asiweze tena kuinuka? Na fedha ilitoka wapi?

Dia ya asili ilihesabiwa kwa ngamia mia moja. Sisi leo tunaichukulia hesabu hiyo kama bei tu, namna ya kusema "fedha nyingi". Lakini ngamia si noti. Ngamia anazaa, anatoa maziwa, anabeba mzigo na kukodishwa. Aliyelipwa kundi amelipwa kitu kitakachoendelea kumlisha. Tena katika makosa yasiyo ya kukusudia mzigo haukumwangukia mkosaji peke yake. Ukoo wake wa upande wa baba, wanaoitwa akila, walichangiana, na dia kamili walipewa muda wa miaka mitatu kuimaliza. Kwa hiyo kulikuwa na mambo mawili ambayo leo tungeyaita bima: watu wengi kubeba hasara ya mmoja, na mali yenye kuzaa mikononi mwa aliyeumia.

Katika miji ya bara ya Omani mali hiyo ilikuwa mitende na maji. Atokaye Zanzibar akafika Nizwa mara ya kwanza hushangaa kuambiwa kwamba maji yana wenyewe. Falaji inapita, kila mtu anaiona, lakini yale maji yamegawanywa kwa muda. Fungu lake huitwa athari, nayo ni kiasi cha nusu saa, hata mchana na usiku pamoja huwa na mafungu arubaini na nane. Mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, usiku kwa nyota. Mwenye fungu aliweza kulimwagilia shamba lake, au kulikodisha, au kuliuza, au kuliweka wakfu. Falaji Daris ya Nizwa, ambayo mwaka 2006 iliingizwa pamoja na nyingine nne katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, bado inagawa maji yake. Mjane, yatima, au mtu aliyelala ndani hawezi kushika jembe, lakini akiwa na fungu la maji na mitende kumi, jirani atalima na yeye atapata tende na kodi. Zilikuwako pia wakfu za kila namna: za futari, za mikeka ya msikiti, za mwalimu wa Kurani, za kuzibua falaji yenyewe. Omani ya bara ilizoea kuigeuza mali ikawa kijito kinachotiririka mwaka hata mwaka.

Lakini tusiyapambe ya kale. Aliyevunjika uti wa mgongo katika Ibra ya mwaka 1900 hakuishi miaka arobaini. Vidonda vya kulala upande mmoja na maradhi ya mkojo vilimmaliza mapema, na hivyo ndivyo ilivyokuwa hata Ulaya. Mambo yalianza kubadilika pale Daktari Ludwig Guttmann alipofungua kituo chake cha majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, akasisitiza mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa chache, asafishwe vizuri, kisha afundishwe kazi. Kabla ya hapo utaratibu wa ngamia na mitende haukupata kuonjeshwa mzigo tunaouzungumza hapa. Ulibeba miezi, pengine mwaka au miwili.

Na hospitali yenyewe ilikuwa mbali. Mpaka 1970 mtu wa Sharqiya aliyeumia vibaya, kama aliweza kusafirishwa, alipelekwa pwani kwa madaktari wa misheni ya Kimarekani huko Matrah. Mmoja wao wa mwanzo, Daktari Sharon Thoms, alifariki mwaka 1913 kwa kuanguka alipokuwa akitundika waya wa simu baina ya Matrah na Maskati. Mwanawe Wells Thoms alirudi Omani 1939 kuwatibu watu pale pale, akaendelea mpaka 1970. Baina ya miaka hiyo vilipita vita vya Jabal Akhdhar, 1957 hadi 1959, ambavyo viliacha mabomu yaliyofukiwa katika njia za Dakhiliya.

Watu wa Sur walikuwa na hatari yao. Baharia wa jahazi hakuwa na mshahara. Alikuwa na fungu katika pato la safari. Akianguka kutoka mlingotini akavunjika nyonga, fungu la safari hiyo pengine angelipata, la msimu ujao halipo. Kilichobaki ni ndugu zake na hisani ya nahodha.

Na ndugu wengine walikuwa huku kwetu. Hapa ndipo historia ya Ibra inapoingia Unguja. Waharthi na Wabaruani walivuka na kusi na kaskazi, na nyumba kubwa za Manzfah huko Ibra, nyingi leo magofu, zinahesabiwa kuwa ukumbusho wa fedha ya biashara na bahari. Fedha ilikwenda na kurudi, na mzee aliyelemaa Ibra aliweza kulishwa na karafuu za Pemba. Penye dhiki ya ghafla walitumia bei khiyari: unauza shamba kwa sharti kwamba utalikomboa kwa bei ile ile kabla ya muda fulani, na huku unalikodi kwa mnunuzi ili uendelee kulivuna. Ilikuwa njia ya kupata fedha nyingi kwa siku moja. Wengi hawakukomboa. Nadhani shamba zima kuliwa kwa sababu ya maradhi ya mtu mmoja si hadithi ngeni katika nyumba zetu. Wenye kuona mbali waliweka wakfu wa jamaa, jambo la kawaida sana Zanzibar, ili mali isiuzike na pato liwafikie wanaohitaji.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Mashamba na majumba yalitaifishwa. Waliokimbilia Uarabuni na Ulaya waliacha nyuma, pamoja na mengine, akiba yao ya maradhi. Hili halisemwi sana. Tunazungumza juu ya nyumba zilizopotea kama nyumba, hatuzungumzi juu yake kama pensheni ya aliyepooza.

Mwaka 1970 Sultani Qaboos alishika nchi na mlango ukafunguliwa kwa Waomani wa ng'ambo. Watu walikuja kutoka Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Burundi, Kongo. Walikuwa na skuli na lugha, wakaingia maofisini, mahospitalini na katika kampuni za mafuta. Lakini wengi walikuja na mshahara tu. Mitende ya babu huko Ibra ilikwisha kugawanywa kwa warithi waliobaki, na kudai fungu la maji baada ya vizazi vitatu ni kazi ya kutafutia ugomvi. Kazi ilikuwa Maskati na wazee walikuwa Ibra, kiasi cha kilomita 170. Kila mwisho wa wiki, ambao hadi 2013 ulikuwa Alhamisi na Ijumaa, magari yalipanda kuelekea bara.

Barabara ya Bidbid hadi Sur, inayopita Wadi al-Aq, kwa miaka mingi ilikuwa ya njia moja kila upande kabla ya kupanuliwa, na usiku ngamia huvuka. Ni kinyume cha kuchekesha na kuhuzunisha: mnyama aliyekuwa kipimo cha fidia amekuwa sababu ya ajali. Mwaka 2012 polisi wa Omani walihesabu vifo 1,139 vya barabarani nchi nzima. Mwaka 2016 vilikuwa 692, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini hesabu inayotangazwa kwa sauti ni ya waliokufa. Wale waliotolewa garini hai, wakapelekwa Hospitali ya Khoula huko Maskati, wakapasuliwa kichwa au mgongo na kurudishwa Ibra na mpira wa mkojo, wanaanza hesabu nyingine.

Katika hospitali ya serikali raia hutibiwa bila ya kulipa gharama za upasuaji. Bili inaanzia mlangoni kwa nyumba: nepi za watu wazima, godoro la hewa, kiti cha magurudumu, mlango wa choo wa kupanuliwa, gari ya kumpeleka mazoezi ya viungo, na mtu wa kumgeuza saa nane za usiku.

Sheria haikulala. Mwaka 1994 bima ya gari ya kumlipa anayegongwa ilifanywa ya lazima. Waomani wa kampuni binafsi walipata sheria ya bima ya jamii mwaka 1991, nayo ilikuwa na fungu la walioumia kazini. Amri ya mwaka 2008 iliweka dia kuwa riali 15,000, na viungo vikapimwa kutokana na hiyo, kama walivyopima wanazuoni. Aliyepindua gari lake mwenyewe akimkwepa ngamia, bila shaka, hana mkosaji wa kumdai dia.

Tufanye hesabu. Chukua kijana wa miaka 22 aliyepooza, akapewa dia moja nzima. Tuseme, kwa mfano tu, msaidizi, nepi na usafiri ni riali 250 kwa mwezi. Riali 15,000 zitakwisha kwa miezi sitini, na kijana atakuwa na miaka 27. Nami nimechukulia kwamba hakuna aliyenunua gari jipya wala kulipa deni la arusi kwa fedha ile. Ngamia mia wangelikuwa wamezaa. Noti hazizai, na kuziweka katika riba wengi wetu hatutaki.

Ndiyo maana naliona badiliko la Januari 2024 kuwa kubwa kuliko lilivyotangazwa. Kwa sheria mpya ya hifadhi ya jamii, iliyotolewa mwaka 2023, mwenye ulemavu aliyekubaliwa alianza kulipwa riali 130 kila mwezi, na mzee wa miaka sitini riali 115. Riali 130 hazimtoshi kijana wetu. Lakini kwa miaka arobaini ni riali 62,400, zaidi ya dia nne. Ni njia ya falaji, kidogo kidogo bila kukatika. Wenzetu walioko Uingereza wanajua kwamba tangu Aprili 2005 mahakama za huko zinaweza kuamuru fidia ya aliyeumia ilipwe kila mwaka maisha yake yote. Tanzania Bara nayo ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, na miongoni mwa mafao yake ni malipo ya msaidizi wa kudumu. Mwenye ndugu aliyeumia kazini huko aulize fao hilo kwa jina. Wengi huishia kwenye matibabu.

Kuna mambo mawili ambayo familia zetu huyachelewesha. La kwanza ni urithi. Baba hawezi kumwusia mtoto wake aliyelemaa zaidi ya fungu lake, kwa kuwa hakuna wasia kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Anayetaka kumwekea akiba na afanye hiba akiwa hai na mwenye akili zake, mali ikabidhiwe kweli, na ndugu wengine wajue kwa nini. Mitende kumi au chumba cha kukodisha Nizwa ni bora kuliko fedha iliyo mkononi mwa kaka mwenye madeni. La pili ni usimamizi. Aliyeumia kichwa hawezi kutia saini benki, na kuwa mama yake hakutoshi. Kadhi ndiye anayemweka msimamizi, kwa sheria ya hali za kibinafsi ya mwaka 1997, na msimamizi huyo anaweza kuulizwa hesabu. Aombe mapema, kabla ya fidia kufika.

Na yule anayemgeuza saa nane za usiku ni nani? Zamani alikuwa mama, dada au mke. Siku hizi, katika nyumba nyingi, ni msichana aliyeletwa kwa mkataba, na nyumba zinazosema Kiswahili hupenda atoke Tanga, Unguja au Mombasa ili asikilizane na bibi. Sheria ya kazi ya Omani ya mwaka 2003 haikuwajumuisha watumishi wa ndani. Walipewa kanuni yao mwaka uliofuata. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti nzima juu ya Watanzania wanaofanya kazi majumbani Omani na Falme za Kiarabu, yenye habari za saa nyingi za kazi na mishahara isiyolipwa. Kumwinua mtu mzima wa kilo themanini kutoka kitandani hadi kitini, mara nne kwa siku, peke yako, kunaharibu mgongo. Mkataba wake ni wa miaka miwili. Ukiisha atarudi Tanga na mgongo huo, na hesabu za dia, bima na riali 130 nilizoziandika juu hazina mstari wake.