Cheti cha Dawa katika Hospitali za Kanisa

Wazee wetu wanapoisimulia historia ya huduma ya tiba, hutaja majengo, wauguzi na madaktari. Ni nadra kusikia wakikitaja cheti cha dawa, ile karatasi ndogo ambayo mgonjwa hutoka nayo kwa daktari akaenda nayo dirishani. Hata hivyo, ndicho kionyeshacho kama mgonjwa ametibiwa au ameuziwa dawa tu.

Mazoea yetu yana asili yake. Tangu miaka ya 1920, buba ilipotibiwa kwa sindano katika Tanganyika na vidonda vikakauka mbele ya macho ya watu, sindano ilijipatia heshima ambayo haijaisha. Asiyechomwa huondoka akinung'unika. Tena, misaada ya ng'ambo ilipopungua, hospitali za Kanisa zilizidi kutegemea fedha za wagonjwa, na cheti chenye dawa tano huleta fedha kuliko chenye mbili. Si jambo jepesi kulisema katika kitabu cha sherehe, lakini kila mweka hazina alijua.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kwanza ya dawa muhimu, na mwaka 1993 likatoa mwongozo wa kuchunguza vyeti: kila mgonjwa ameandikiwa dawa ngapi, wangapi wamepewa sindano au viuavijasumu, na kama dawa imeandikwa kwa jina lake halisi au la kibiashara. Kwa hesabu hizo kalamu na daftari vyatosha.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 2004, ulipochapishwa uchunguzi wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa mahututi 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria, vijidudu vilionekana kwa 2,062 tu. Miongoni mwa waliosalia, karibu theluthi mbili hawakupewa viuavijasumu, dawa zile zile ambazo mwenye mafua hupewa bila sababu. Wasio na vijidudu walikufa kwa asilimia 12. Wenye navyo, kwa asilimia 7.

Semina ya siku mbili haiondoi mazoea ya namna hii. Usimamizi endelevu wa ubora hufanya vingine: kamati ya dawa huhesabu vyeti vya mwezi, huwaonyesha walioviandika, hukubaliana nao badiliko moja, kisha huhesabu tena mwezi unaofuata. Mzunguko huu wa kupanga, kutenda, kukagua na kurekebisha uliingia viwandani Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, na Mmarekani W. Edwards Deming alikuwa miongoni mwa walioueneza. Kwa msaada wa Wajapani ulianza kuenezwa katika hospitali za Tanzania kuanzia Mbeya mwaka 2007, kwa jina la kaizen.

Mganga Mkuu mwenye bidii akihamishwa, daftari la hesabu hubaki kabatini. Kwa hiyo yafaa kazi hii iwe mikononi mwa kamati, na mweka hazina awe mjumbe wake.