Madirisha ya root

Kwa miaka mingi watumiaji wapya wa Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, walikutana na mkasa ule ule. Mtu anataka kurekebisha faili moja la mfumo. Anafungua terminali, anaandika sudo gedit ili kufungua kihariri kwa mamlaka ya juu, anatia nywila, dirisha linafunguka, anahariri na kuhifadhi. Kesho yake anawasha kompyuta, anatia nywila yake, skrini inakuwa nyeusi kidogo, kisha inamrudisha pale pale pa kuingilia. Akijaribu tena, ni yale yale. Nywila ni sahihi na diski ni nzima. Kilichotokea ni kwamba faili dogo lililofichika katika folda yake ya nyumbani, mara nyingi .Xauthority au .ICEauthority, limebadilika mmiliki. Sasa ni mali ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, na mwenye kompyuta haruhusiwi kuligusa. Dawa yake ni amri moja tu ya chown, inayorudisha umiliki, lakini mgeni wa Linux aliyefungiwa nje ataijulia wapi?

Mkasa huu una asili ya zamani kuliko Linux yenyewe. Unix ilizaliwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ndani yake kulikuwa na mtumiaji mmoja asiyezuiwa na ruhusa yoyote, yaani root, mwenye namba sifuri. Wengine wote waliwekewa mipaka, na mipaka hiyo ikazua swali: mtu wa kawaida atabadilishaje nywila yake ikiwa faili la nywila ni la root? Ritchie akabuni setuid, alama ndogo inayowekwa kwenye programu ili iendeshwe kwa mamlaka ya mmiliki wake badala ya mamlaka ya aliyeiita. Ombi la hataza ya ubunifu huo lilipelekwa mwaka 1973, hataza ikatolewa 1979. Programu ya kubadilisha nywila ilikuwa fupi: inafanya kazi moja, inaisha. Ufupi huo ndio uliokuwa kinga yake, na kwa maoni yangu matatizo karibu yote yaliyofuata yalitokana na kuusahau.

Mnamo 1980, Bob Coggeshall na Cliff Spencer waliandika sudo katika chuo kikuu cha Buffalo, jimbo la New York. Sudo ilimwezesha mtu kuendesha amri moja kwa mamlaka ya root na kurudi kwenye hali yake ya kawaida. Wakati huo amri ilikuwa mstari wa maandishi, wala hapakuwa na dirisha la kuhangaikia.

Madirisha yalitoka kwingine. Mwaka 1984 Bob Scheifler na Jim Gettys walianzisha X, mfumo wa madirisha, huko MIT, na toleo lake la 11, la mwaka 1987, ndilo lililokuja kubeba eneokazi la Linux tangu miaka ya 1990. X ilijengwa juu ya imani. Programu ikishakubaliwa kwenye skrini yako, kwa kuonyesha namba ya siri iliyomo ndani ya .Xauthority, inahesabiwa kuwa ni ya nyumbani. Inaweza kusikiliza kila kitufe kinachobonyezwa, hata kwenye dirisha lisilo lake. Inaweza pia kubonyeza vitufe kwa niaba yako.

Mwaka 2011 Joanna Rutkowska, mtaalamu wa usalama kutoka Poland, alilieleza hili kwa jaribio ambalo yeyote angeweza kulirudia. Unafungua terminali ya kawaida na kuendesha xinput, chombo kinachoonyesha vitufe vinavyobonyezwa. Unafungua terminali nyingine, unaita sudo, unatia nywila. Katika terminali ile ya kwanza namba za vitufe zinajipanga moja baada ya nyingine, nywila nzima ikiwemo, na hakuna ruhusa ya pekee iliyoombwa. Kwa hiyo ule mstari uliochorwa kati ya root na watu wengine, mstari ambao Unix ilijengwa juu yake, haukuwepo kabisa kwenye skrini. Mchezo mdogo uliopakuliwa jana ungeweza kuandika amri ndani ya dirisha la root lililo jirani yake. Ni sawa na kuajiri mlinzi wa lango huku ukuta wa nyuma haujajengwa.

Tatizo la pili lilikuwa uzito. Programu yenye dirisha hubeba maktaba za kuchora vitufe, kusoma picha, kupanga fonti na kupakia mandhari. Kosa lolote humo likiwa chini ya root ni kosa la root. Watengenezaji wa GTK, maktaba ambayo eneokazi la GNOME limejengwa juu yake, walitangaza wazi kwamba haikukusudiwa kutumika katika programu za setuid, wakaiandika ijizime yenyewe ikigundua imeitwa hivyo.

Hata hivyo watu walikuwa na kazi za kufanya. Ubuntu ya kwanza, ya Oktoba 2004, ilifunga akaunti ya root na kumwachia mtumiaji sudo, na kwa upande wa madirisha zilitumika gksu kwa GNOME na kdesu kwa KDE, eneokazi jingine. Gksu ilifanya kazi ya maana ambayo haikupewa sifa inayostahili. Ilififisha skrini na kushikilia kibodi wakati wa kuomba nywila, ili isidakwe. Ilinakili ile namba ya siri ya .Xauthority kwenye faili la muda, na programu ikatumia folda ya nyumbani ya root badala ya yako. Sudo ya Ubuntu iliendelea kutumia folda yako hadi toleo la 19.10, na humo ndimo ulimozaliwa ule mkasa wa faili lililobadilika mmiliki.

Fikra mpya ilitoka Red Hat, kampuni inayodhamini mfumo wa Fedora. PolicyKit ya David Zeuthen iliingia katika Fedora 8 mwaka 2007, nayo ilitenganisha dirisha na kazi. Dirisha linabaki kuwa lako, lenye mamlaka yako ya kawaida, na huduma ndogo isiyo na sura ndiyo inayogusa diski au mtandao baada ya kuuliza kama unaruhusiwa. Ni wazo la Ritchie limerudi. Halikukosa misukosuko: Fedora 12, Novemba 2009, ilitoka ikiwaruhusu watumiaji wa kawaida kusakinisha vifurushi vyenye saini bila nywila ya root, kelele zikapigwa, na baada ya siku chache mpangilio huo ukabadilishwa.

Pigo kubwa kwa madirisha ya root lilikuja na Wayland, mrithi wa X, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008. Humo programu moja haisikii vitufe vya nyingine. Fedora 25 iliifanya chaguo la kwanza mwaka 2016, Ubuntu 17.10 ikafuata Oktoba 2017, na ghafla watu wakatia nywila ili kufungua GParted, ya kugawa diski, au Synaptic, ya kusakinisha vifurushi, dirisha lisitokee. Programu za X zilipitia Xwayland, daraja la kuziendesha ndani ya Wayland, iliyomkubali mwenye kikao tu, na root hakuwa yeye. Wengi walijinasua kwa amri ya xhost iliyomruhusu root kuingia. Mwaka huo huo kihariri cha Kate na kisimamizi cha faili cha Dolphin, vyote vya KDE, vilianza kukataa kabisa kufunguliwa na root. Hasira za watumiaji nilizielewa, maana kompyuta ni yao. Lakini jibu la Kate lilikuwa bora kuliko kukataa kutupu: unahariri kama wewe, na ukihifadhi faili la mfumo unaombwa nywila kwa ajili ya kulihifadhi faili hilo tu. Gksu iliondolewa Ubuntu mwaka 2018.

Njia mpya ya PolicyKit, iliyokuja kuitwa polkit, nayo ilikuwa na ufa. Januari 2022 kampuni ya Qualys ilitangaza kasoro ndani ya pkexec, chombo cha polkit chenye setuid, iliyokuwamo tangu toleo lake la kwanza la Mei 2009. Mtumiaji yeyote wa kawaida angeweza kuitumia kuwa root. Mwaka 2024 systemd 256 ikaleta run0, mbadala wa sudo, isiyotumia setuid hata kidogo, na inayogeuza rangi ya nyuma ya terminali kuwa nyekundunyekundu ili ujue uko chini ya mamlaka gani.

GParted bado huendeshwa nzima kwa mamlaka ya root. Kutenganisha dirisha lake na kazi ya diski kungehitaji kuiandika upya kwa sehemu kubwa, na wanaoitunza ni watu wachache wanaojitolea.