Muhuti, Mti wa Maua Mekundu

Mtaa wa Kaloleni, Nairobi

Jina la kisayansi: Erythrina abyssinica
Majina ya wenyeji: muhuti (Kikuyu), muvuti (Kikamba), murembe (Kiluhya), orembe (Kijaluo)

Mti huu wa asili ya Afrika ni wa jamii ya kunde. Huchanua matawi yakiwa hayana majani, na ndege aitwaye chozi huja kunywa nekta yake. Gome lake nene huukinga na moto wa nyika, nayo mizizi hurutubisha udongo.

Maarifa ya wazee
Matawi yaliyokatwa na kuchomekwa ardhini huchipua, hivyo wakulima waliyatumia kuzungushia boma. Mbao zake nyepesi zilichongwa vigoda na ngoma. Waganga wa mitishamba walichemsha gome kutengeneza dawa. Wabukusu, ambao ni Waluhya, waliapishana mbele ya murembe, na kiapo cha uongo kiliogopwa mno.

Mti na mtaa
Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nyumba zikiachiwa nafasi ya nyasi na miti. Wafanyakazi waliohamia eneo hili la Eastlands kutoka Magharibi, Nyanza, Kati na Ukambani walikuja na maarifa ya mti huu, kila jamii kwa lugha yake. Tunautunza ili watoto waliozaliwa mjini wayarithi.

Tahadhari
Mbegu nyekundu zenye doa jeusi hutungwa shanga, lakini zina sumu. Usizitafune. Usibandue gome: mti uliochunwa pande zote hufa.