Serikali Iliyowakimbia Askari Wake

Jumamosi ya tarehe 21 Juni 1783, askari wapatao 400 walilizingira jengo la serikali ya jimbo la Pennsylvania, mjini Philadelphia. Hawakuwa Waingereza. Walikuwa askari wa Marekani yenyewe, waliopigania uhuru, na sasa walidai mishahara yao. Ndani walikuwemo wajumbe wa Kongresi, chombo pekee kilichoyaunganisha majimbo 13. Nje, pombe ilikuwa ikitoka vilabu vya jirani, na baadhi ya bunduki zilikuwa zikielekezwa madirishani.

Kijana Alexander Hamilton, mjumbe wa New York, alikuwa ametumwa kwa kiongozi wa jimbo, John Dickinson, kumwomba awaite wanamgambo. Dickinson akasita. Hakuwa na hakika kama wanamgambo wangekubali kuwakabili wenzao. Alasiri wajumbe wakatoka, wakapita katikati ya askari bila kudhurika. Siku tatu baadaye Kongresi ikafungasha virago na kuhamia Princeton, New Jersey.

Aibu hiyo ilikuwa na utani wa historia ndani yake. Ndani ya jengo lile ndimo lilimopitishwa Azimio la Uhuru mwaka 1776. Na Dickinson huyo huyo ndiye aliyeandika rasimu ya kwanza ya Mkataba wa Shirikisho, hati iliyoiacha Kongresi bila fedha ya kuwalipa askari na bila mamlaka ya kuamuru wanamgambo wa jimbo lolote. Rasimu yake iliipa serikali kuu nguvu kiasi. Wenzake ndio walioipunguza, kifungu baada ya kifungu.

Kwa nini watu waliosoma sana wajitengenezee serikali dhaifu kiasi hicho? Jibu limo katika vitabu walivyovisoma, na namna walivyovisoma.

Mwaka 1689 Mwingereza John Locke alichapisha risala zake mbili kuhusu serikali. Alidai kwamba binadamu huzaliwa na haki ya uhai, uhuru na mali. Kwamba mtawala hupata mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Na kwamba akiivunja amana hiyo, wana haki ya kumwondoa. Karibu miaka 90 baadaye, Thomas Jefferson, mwenye umri wa miaka 33, alipanga vyumba katika nyumba ya fundi mwashi mjini Philadelphia. Akiwa na kijimeza kidogo cha kuandikia, alichokibuni mwenyewe, alizigeuza fikra hizo kuwa Azimio la Uhuru. Pale ambapo Locke aliweka mali, yeye aliweka kutafuta furaha.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wamarekani walikuwa wameumwa na London: kodi ya stempu ya mwaka 1765 iliyopitishwa na bunge wasilokuwa na mwakilishi ndani yake, kisha magavana na majeshi ya mfalme. Kwa hiyo katika mafundisho ya Zama za Mwangaza, kama yale ya Locke, waliishika zaidi ile sehemu inayosema kwamba mamlaka ni hatari. Swali la jinsi ya kuyapa mamlaka kazi ya kufanya wakaliacha kiporo.

Mkataba wa Shirikisho ulipitishwa na Kongresi tarehe 15 Novemba 1777 katika mji wa York, ilikokimbilia baada ya Waingereza kuiteka Philadelphia. Haukuanza kutumika hadi tarehe 1 Machi 1781, kwa kuwa Maryland iligoma kutia saini mpaka Virginia ikubali kuachia madai yake ya ardhi ng'ambo ya mto Ohio. Chini ya mkataba huo kila jimbo, kubwa kwa dogo, lilikuwa na kura moja. Mambo mazito yalihitaji majimbo tisa. Kubadili kifungu kulihitaji majimbo yote 13. Hapakuwa na mkuu wa nchi mwenye madaraka ya utendaji wala mahakama kuu ya taifa, na Kongresi haikuweza kutoza kodi. Iliyaomba majimbo yachangie, nayo yalichanga yalipopenda.

Mkono mtupu haulambwi. Wakati wa vita Kongresi ilikuwa imechapisha noti za zaidi ya dola milioni 200, zikaporomoka hadi watu wakazitumia kama mfano wa kitu kisicho na thamani. Mwaka 1781 ukapendekezwa ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje. Rhode Island, jimbo dogo kuliko yote, likakataa, na hoja ikafa. Jaribio la pili, la mwaka 1783, likakwama New York, iliyokuwa ikineemeka kwa ushuru wa bandari yake. Hata mkataba wa amani na Uingereza, uliotiwa saini Paris Septemba 1783, ulikaribia kupitiwa na muda kwa kukosa akidi. Ilibidi mjumbe mgonjwa wa South Carolina asafiri kutoka Philadelphia hadi Annapolis ndipo majimbo tisa yatimie, Januari 1784.

Mzigo wa udhaifu huo ulimwelemea mkulima. Massachusetts, ili ilipe madeni yake ya vita, iliongeza kodi na kutaka ilipwe kwa fedha taslimu, ambayo haikuonekana vijijini. Mashamba yakapigwa mnada, na wadaiwa wakatiwa jela. Kapteni wa zamani wa vita, Daniel Shays, alikuwa mmoja wa walioelemewa. Inasimuliwa kwamba aliuza upanga wa heshima aliopewa na Jenerali Lafayette ili apunguze madeni. Mwaka 1786 yeye na wenzake walianza kuzifunga mahakama kwa nguvu. Tarehe 25 Januari 1787 walilielekea ghala la silaha la Springfield, mizinga ikawafyatulia, na wanne wakafa. Serikali kuu haikuwa na jeshi la kupeleka. Jeshi lililozima uasi lilitoka jimboni, na gharama zake zilibebwa na matajiri wa Boston.

Mwezi Mei wajumbe wa majimbo wakakusanyika katika jengo lile lile la Philadelphia kuurekebisha Mkataba wa Shirikisho. Rhode Island haikuleta mtu. James Madison wa Virginia alikuja amejiandaa: alikuwa amesoma shehena ya vitabu alivyotumiwa na Jefferson kutoka Paris, na mwezi Aprili alikuwa ameorodhesha maradhi ya mfumo uliokuwepo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Serikali inayoamuru majimbo badala ya watu ina njia mbili tu, kuomba au kupigana. Dawa ni serikali inayomfikia raia moja kwa moja kwa sheria, kodi na mahakama.

Na hofu ya mfalme je? Hapo akasaidia Mfaransa Montesquieu, aliyefundisha mwaka 1748 kwamba mamlaka hudhibitiwa na mamlaka mengine. Serikali ikapewa meno, kisha ikagawanywa katika mihimili mitatu inayochungana. Lakini Montesquieu aliamini pia kwamba jamhuri hufaa nchi ndogo. Hapo Madison akampinga, akisema katika nchi kubwa makundi huwa mengi mno kwa moja kuyameza mengine.

Ukurasa mmoja wa Locke, ule wa uhuru wa kila binadamu, walikataa kuusoma hata mara ya pili. Mwaka 1776 Kongresi ilikuwa imefuta aya ya Jefferson, mwenyewe mmiliki wa watumwa, iliyomlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa. Katiba ya 1787 iliruhusu kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu katika kugawa viti vya bunge, na ikazuia Kongresi kuipiga marufuku biashara hiyo kabla ya 1808. Neno lenyewe, mtumwa, halimo katika hati hiyo.

Wajumbe hawakuisahau ile Jumamosi. Katiba iliipa Kongresi eneo lake yenyewe, lisilo chini ya jimbo lolote, ili isije tena kumpigia magoti kiongozi wa jimbo kuomba ulinzi. Eneo hilo ndilo mji wa Washington. Leo wanaishi humo watu wapatao 700,000. Wanalipa kodi za taifa, lakini hawana seneta hata mmoja, na mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi hawezi kupiga kura ya kupitisha sheria. Tangu mwaka 2000, vibao vya namba vya magari yao mengi hubeba lalamiko la kutozwa kodi bila uwakilishi, lile lile la mwaka 1765.